Umefikia kwa Nani?

Kiswahili chetu kina neno zuri kwa mtu aliye safarini. Hatumwulizi mgeni amelala wapi, kana kwamba jambo kubwa ni kitanda. Tunamwuliza amefikia wapi, na mwulizaji akiwa mtu mzima huenda moja kwa moja kwenye kiini: umefikia kwa nani? Mgeni akijibu kwamba amefikia gesti, mwenyeji hunyamaza kidogo, hata kama gesti hiyo ina maji ya moto na chandarua kisicho na tundu. Akitaja jina la mtu, mazungumzo yanafunguka: huyo tunamfahamu, baba yake alikuwa mzee wa kanisa, binti yao aliolewa Nyehunge, na huko utokako hawajambo?

Tunaandika tukiwa Busisi, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza upande wa Sengerema. Hapa swali hilo limekuwa na uzito wa pekee, kwa sababu kwa miaka mingi Busisi ilikuwa kituo cha watu waliokwama. Kivuko kilivuka kwenda Kigongo kwa nusu saa hivi, lakini kukisubiri kulikuwa habari nyingine. Aliyekosa kivuko cha mwisho alilala huku, apende asipende. Walilala huku madereva wa malori, wafanyabiashara wa dagaa, wanafunzi wanaorudi shule, na watu waliokwenda kuzika. Mama lishe walijua kwa sauti ya injini ya basi kama watu watashuka na njaa au na usingizi. Katika washarika wetu wamo waliopata wachumba, wadhamini wa ubatizo na hata kazi kwa sababu tu mtu fulani alichelewa kivuko na akagonga mlango.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, ambalo limepewa jina la Rais John Pombe Magufuli. (Tarehe hiyo Walutheri tunaifahamu kwa sababu nyingine: KKKT ilizaliwa 19 Juni 1963, makanisa saba yalipokubali kuwa kanisa moja.) Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Hatutaki mtu yeyote asome maneno haya akadhani tunakililia kivuko. Mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa Bugando usiku aliweza kufika majini akakuta kivuko kiko ng'ambo, na dakika hizo hakuna awezaye kuzirudisha. Daraja ni jibu la maombi ya watu wengi, na tulishukuru kwa nyimbo siku ile.

Lakini jambo moja limebadilika kimyakimya. Zamani mgeni hakuchagua pa kufikia, maji yalimchagulia. Leo anachagua. Anayetoka Geita anaweza kulala Mwanza mjini, na anayetoka Mwanza huja Busisi kutazama daraja, hupiga picha, hununua samaki wa kukaanga na kuondoka kabla jua halijatua. Uchaguzi wa mahali pa kufikia umekuwa mikononi mwa msafiri, na tunaona washarika wengi wanaufanya kwa kipimo kimoja tu: bei ya chumba. Basi tumeona vema kuangalia nyuma, tuone waliofika katika mwambao huu wa kusini wa ziwa walifikia kwa nani, na kilichowapata.

Tuanze na yule ambaye vitabu vya shule humpa nafasi kubwa kuliko muda aliokaa. Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akiwa anafuata ukingo wa ghuba hii hii. Aliyempokea ni mfanyabiashara Mwarabu, Mansur bin Salim, na mtawala wa mahali hapo, Mahaya. Speke alikaa siku tatu hivi. Akatazama maji kutoka kilimani, akauliza maswali, hakupanda mtumbwi hata mmoja, akarudi Tabora akiwa na hakika kwamba amekiona chanzo cha Nile. Ilikuja kuthibitika kwamba kwa hilo alisema kweli. Ila juu ya watu wa mwambao hakuweza kueleza mengi, maana mgeni wa siku tatu hujua yale tu aliyosimuliwa na mwenyeji wake jioni.

Miaka 17 baadaye, Februari 1875, alikuja Henry Morton Stanley na msafara mkubwa, akafikia Kageye, kijiji kilicho kwenye Ghuba ya Speke, kaskazini-mashariki ya mji wa Mwanza wa leo. Kageye haikuwa mahali safi pa kufikia. Ilikuwa bandari ya wafanyabiashara, na biashara mojawapo ilikuwa ya watu. Lakini palikuwa na mtawala, Kaduma, aliyekubali kupokea wageni, na palikuwa na mitumbwi. Kutoka hapo Stanley alizunguka ziwa lote kwa mashua yake. Kijana wake mmoja, Frederick Barker, aliyebaki Kageye, alikufa wakati Stanley yuko majini, akazikwa hapo. Barua aliyoiandika Stanley kutoka Buganda ilichapishwa London mwishoni mwa mwaka huo, ikiomba wamisionari, na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikaitikia. Hivyo kundi la kwanza la wamisionari wa ziwa letu nalo likafikia Kageye, mwaka 1877. Daktari wao, John Smith, alikufa mwaka huo huo. Naye akabaki Kageye.

Hapa ndipo hadithi inapotuhusu zaidi. Kati ya wamisionari hao walikuwapo Luteni George Shergold Smith, aliyekuwa mwanamaji, na Thomas O'Neill. Walihitaji chombo cha kuvukia ziwa kwenda Buganda. Katika kisiwa cha Ukerewe alikaa mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, aliyekuwa akijenga jahazi, na wao wakalinunua. Kwa hiyo wakawa na shughuli Ukerewe, chini ya mtawala wa kisiwa, Lukonge, na jirani yao wa karibu akawa Songoro. Hawakumchagua kwa sababu ya dini yake wala tabia yake. Walimchagua kwa sababu ya mbao.

Desemba 1877 kukazuka ugomvi kati ya Lukonge na Songoro. Kwa jinsi habari zilivyofika misheni, Songoro alikimbilia kwa wamisionari, na Lukonge akataka atolewe. Smith akakataa kumtoa mtu aliyeingia kwake kuomba hifadhi. Wakauawa wote: Smith, O'Neill, Songoro, na watu wengi waliokuwa pamoja nao.

Ni rahisi kusema wamisionari walikufa kwa ajili ya Injili. Husemwa hivyo katika mahubiri, na si uongo, lakini ni nusu. Walikufa kwa ajili ya jirani mmoja, tena Mwislamu mfanyabiashara, ambaye ugomvi wake haukuwa wao. Walipoweka mizigo yao karibu na nyumba yake, walikuwa wameingia katika mambo yake kuliko walivyojua. Na mlango ulipogongwa usiku ule wa hatari, swali halikuwa tena jahazi linagharimu kiasi gani. Sisi tunaona kwamba kifo chao kina maana zaidi kikielezwa hivi kuliko kikipambwa. Tena haki inatudai tuseme kwamba Lukonge naye alikuwa na upande wake. Wageni wenye bunduki walikuwa wamekaa katika kisiwa chake na kumficha mtu aliyemkosea. Hakuna mtawala wa zama zile ambaye angeona jambo hilo dogo.

Aliyefuata alielewa hivyo. Alexander Mackay, fundi Mskoti, alifika Kageye katikati ya mwaka 1878. Wenyeji wa pwani walimsihi asikanyage Ukerewe. Yeye akavuka bila silaha, akaenda kwa Lukonge mwenyewe, akawa mgeni wake kwa siku kadhaa, akala na kulala katika himaya ya mtu aliyewaua wenzake. Wakapatana. Baadaye Mackay alifanya makubwa Buganda: alichapa vitabu, alifundisha kusoma na kufua chuma, na jina lake linatajwa mpaka leo. Sisi watu wa mwambao wa kusini tungependa atajwe pia kwa zile siku za Ukerewe. Mtu akitaka kujua kama amani imepatikana kweli kati ya nyumba mbili, asiangalie barua. Aangalie kama mmoja anaweza kulala kwa mwenzake akakoroma.

Kuna safari nyingine ambayo washarika wengi hawajaisikia, nayo ilipita karibu sana na hapa. Wakatoliki, yaani Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, walifika Buganda 1879, na tangu mwaka huo walishindana na wamisionari wa Kiprotestanti mbele ya Kabaka Mutesa, kila upande ukijitahidi kuonyesha kwamba mwenzake ndiye aliyepotoka. Mashindano yalikuwa makali, na wanafunzi wao waliyarithi. Mapadri walikuwa pia na kituo upande wetu wa ziwa, Bukumbi, walichokianzisha 1883. Bukumbi iko Misungwi, ng'ambo ya maji kutoka Busisi. Anayeshuka darajani kwa upande wa Kigongo hayuko mbali nayo.

Oktoba 1888 mapinduzi ya Buganda yaliwafukuza wamisionari wote kwa pamoja. Chombo kilichopatikana kilikuwa mashua ya CMS iliyoitwa Eleanor. Wakaingia humo Waanglikana wawili, Gordon na Walker, pamoja na Askofu Livinhac, Padri Lourdel na wenzao, na vijana wao Waganda. Watu waliobishana miaka tisa juu ya nani ana haki ya kufundisha waliketi sasa bega kwa bega juu ya mbao zilezile. Njiani kiboko aliipiga mashua akaitoboa. Baadhi ya vijana walikufa maji. Waliookoka wakaitengeneza, wakaendelea kusini hadi wakafikia Bukumbi. Hapo mapadri, ambao wenyewe walikuwa wakimbizi, wakawa wenyeji wa Waprotestanti. Baada ya kupumzika, Gordon na Walker wakaendelea na safari mpaka Usambiro, kusini zaidi, alikokuwa Mackay.

Tungependa kuandika kwamba tangu siku ile hawakugombana tena. Haikuwa hivyo. Januari 1892 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana kwa bunduki Mengo, Wakristo kwa Wakristo. Chakula cha Bukumbi hakikuzuia vita ile. Lakini hatuoni kwamba kilipotea. Wajukuu wa kiroho wa pande zote mbili leo wanaoana hapa Sengerema, wanazikana, na wanatibiwa katika hospitali za wenzao bila kuulizwa kadi ya kanisa, na mtu akitaka kutafuta mwanzo wa jambo hilo katika eneo letu, pahala pamoja pa kuangalia ni ule ukingo wa pili wa maji, Oktoba au Novemba 1888, watu waliolowa wakipewa pa kulala.

Kuhusu Usambiro tuseme kwa ufupi. Mackay aliishi huko tangu 1887, akiendelea kutafsiri na kuchapa. Askofu Parker alifika huko akafa Machi 1888. Stanley, aliyezeeka kwa safari, alipita na watu wake mwaka 1889 akapumzika kwa Mackay kama wiki tatu. Mackay mwenyewe alikufa Usambiro tarehe 8 Februari 1890, na mwaka 1927 mifupa yake ikahamishwa kwenda Namirembe, Kampala. Kwa hiyo hata wafu wa ziwa hili wamewahi kubadilisha mtaa.

Kwa kuwa sisi ni Walutheri, yupo mgeni mwingine wa kutajwa, ingawa hakuwahi kuliona ziwa letu. Miaka 100 kabla ya Martin Luther alikuwapo Jan Hus wa Praha, mji mkuu wa Ucheki ya leo. Tangu 1402 Hus alihubiri katika Kanisa la Betlehemu, ambalo lilijengwa ili watu wasikie Neno kwa Kicheki, lugha yao, na yeye mwenyewe alikaa hapo hapo penye kanisa, katikati ya Mji wa Kale. Praha leo hupokea wageni wengi mno, na swali lao la kwanza ni kama la msafiri anayevuka daraja letu: tulale mtaa gani? Wako wanaopenda Mji wa Kale, karibu na uwanja ulipo mnara wa Hus uliosimamishwa 1915. Wako wanaovuka mto Vltava wakalala chini ya ngome ya wafalme, penye mandhari nzuri, na wako wanaokwenda mitaa ya mbali ambako vyumba ni nafuu na tramu hufika. Mlutheri akitumwa huko kwa mkutano wa makanisa, ushauri wetu ni alale Mji wa Kale hata ikiwa ni usiku mmoja, ili atembee kwa miguu alfajiri, kabla ya umati wa watalii, kutoka uwanjani mpaka lile kanisa. Ni mwendo wa dakika chache. Jengo la sasa lilijengwa upya katika miaka ya 1950, maana la zamani lilibomolewa, lakini mahali ni pale pale.

Na sababu ya kumtaja Hus hapa ni hii. Mwaka 1412, alipokuwa amekwisha kutengwa na Kanisa, adhabu iliongezwa: mahali popote atakapokaa, ibada zisimame. Pasiwe na misa, watoto wasibatizwe, wafu wasizikwe kwa sala. Fikirini, ndugu wasomaji, maana yake katika mtaa. Jirani aliyefiwa na mama yake alinyimwa mazishi ya Kikristo kwa sababu tu Hus alilala mlango wa tatu kutoka kwake. Hus angeweza kukaa, na wengi walitaka akae. Oktoba mwaka huo akaondoka Praha, akaenda kukaa vijijini kusini mwa nchi, ili watu wa mji wasiumie kwa ajili yake. Aliendelea kuhubiri huko, kwa wakulima. Miaka miwili baadaye, alipoitwa mbele ya mtaguso wa Konstanz, alifikia katika nyumba ya mjane aitwaye Fida. Alikaa huko wiki chache tu kabla ya kukamatwa, akachomwa moto tarehe 6 Julai 1415. Maaskofu na wakuu walijaa mji ule katika nyumba nzuri nzuri, na jina la mjane limebaki kwa sababu alimpokea mtu ambaye kumpokea kulikuwa hatari.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ambayo historia haituruhusu kuyasahau: mgeni huingia katika bahati ya mwenyeji wake, kama Smith alivyoingia katika ugomvi wa Songoro, na mwenyeji huingia katika bahati ya mgeni, kama majirani wa Hus. Biblia inalijua hili vizuri kuliko tunavyodhani. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9 na ya 10 tunasoma kwamba Petro alikaa Yafa siku nyingi kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, ambaye nyumba yake ilikuwa kando ya bahari. Watu wa mwalo wanaelewa hapo bila mahubiri. Kazi ya ngozi inanuka, na kwa Myahudi mwenye kushika sheria kugusa mizoga kulikuwa unajisi. Petro alikuwa ameshalala siku nyingi penye harufu ile kabla ya kuonyeshwa, akiwa juu ya dari ya nyumba hiyo hiyo, kwamba asimwite mtu yeyote najisi. Na watumishi wa Kornelio walipokuja kumtafuta, yeye mgeni akawakaribisha ndani wakalala. Sisi tunaamini mahali alipofikia palimwandaa. Angekuwa amefikia kwa mtu safi wa mtaa safi, ono lile lingekuwa gumu zaidi kulielewa.

Turudi kwetu. Mshirika anayevuka daraja kwenda Mwanza leo, gari linamshusha stendi ya Nyegezi, naye anatakiwa aamue. Mji huu ni wa mawe na vilima, na kila mtaa una sauti yake. Capri Point ina upepo, maua na hoteli zinazotazama maji; ni pazuri, na hatumhukumu mtu anayeweza kulipa. Kirumba ni karibu na mwalo wa samaki, watu huamka saa tisa usiku. Mabatini, Igogo na Bugarika nyumba zimepandana na mawe, ngazi nyingi, maji mara nyingi hubebwa kichwani, na huko ndiko wanakokaa washarika wetu wengi waliotoka Sengerema, Geita, Bukoba na Musoma kutafuta maisha. Isamilo iko katikati ya hali hizo mbili.

Mtu aliyempeleka mgonjwa Bugando, hospitali iliyo juu ya kilima chake tangu 1971 na inayopokea wagonjwa wa kanda nzima ya ziwa, asidanganywe na chumba cha bei nafuu kilicho mbali. Atapanda na kushuka na chakula cha mgonjwa mara tatu kwa siku, na nauli itakula akiba yote. Afikie karibu, kwa mtu. Kwa mtu, kwa sababu mgonjwa akizidiwa usiku, gesti haitaamka naye, na akifariki, meneja wa gesti hatamsaidia kutafuta gari la kumrudisha nyumbani wala hatasimama naye kwenye dirisha la malipo.

Kwa Walutheri neno mtaa lina maana mbili. Ni sehemu ya mji, na pia ni tawi la usharika, lile kundi la nyumba kadhaa wanaosali pamoja chini ya mwinjilisti. Mshirika anayesafiri anapaswa kuanza na maana ya pili, kisha ya kwanza itafuata. Barua fupi kutoka kwa mchungaji au mwinjilisti wa hapa Busisi kwenda kwa mwinjilisti wa Igogo ilikuwa jambo la kawaida kwa wazee wetu. Siku hizi tuna simu mfukoni, na kwa ajabu tunaandikiana machache zaidi.

Tunajua pingamizi, maana tumezisikia katika vikao. Nyumba za mjini ni chumba kimoja na pazia. Mwenyeji ana watoto watano na mshahara wa kibarua. Binti anayesafiri peke yake hawezi kulala kila mahali, na mahali pengine pasipofaa panajificha nyuma ya jina la ukarimu. Pingamizi hizo ni za kweli. Paulo mwenyewe alikaa kwa Akila na Prisila, lakini huko Rumi alipanga nyumba kwa gharama yake, na hakuna aliyemlaumu. Kulala gesti si dhambi. Ambacho hatukubali ni mazoea ya wageni wengine ambao wameufanya ukarimu uogopwe: mtu anafikia kwa mjane majuma mawili, anakunywa chai kila asubuhi, hanunui hata robo ya sukari, kisha anasimulia kijijini kwamba kwa fulani kuna kunguni. Waswahili walikwisha kusema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa mjini jembe lake ni ndoo ya maji na kilo mbili za unga, naye asisubiri siku ya tatu.

Na sisi wa Busisi tuna kazi yetu. Wale wanaokuja kutazama daraja wanatoka mbali, na wengine wangependa kulala kama wangejua kwa nani. Wamama waliokuwa wakiuza chakula kwenye foleni ya kivuko wamepoteza wateja wao kwa siku moja, na baadhi yao wana chumba cha akiba ambacho zamani hakikukosa mtu. Tumependekeza katika kamati ya usharika kwamba kuwe na daftari, lenye safu chache tu: jina la mwenye nyumba, mtaa, kama chumba kina mlango wake, kama kinafaa mwanamke anayesafiri peke yake, kina umbali gani kutoka kwenye bomba, na mchango wa unga au fedha ambao mwenyeji mwenyewe ameutaja bila kuona haya. Daftari lingine kama hilo liwepo kwa wenzetu wa mjini, kwa ajili ya watu wetu wanaokwenda Bugando. Majina ya kwanza yalikwisha kuandikwa kabla kikao hakijafungwa, na mawili kati yake ni ya Wakatoliki.